Gemu Haijaisha, Lakini Mkono wa Fundi Unaonekana

MCHEZO NA MAISHA
Na Saida Mwinyimvua

Aprili 18, 2024, kampuni ya Moon Studios iliingiza sokoni gemu ambayo yenyewe ilikiri kuwa haijaisha. Inaitwa No Rest for the Wicked. Hadithi yake ilikatika njiani, hukuweza kuicheza pamoja na wenzako, na ilipatikana kwenye kompyuta tu kupitia duka la Steam. Wenye PlayStation 5 na Xbox Series waliambiwa wasubiri. Bei ilikuwa dola 39.99, sawa na Sh100,000 hivi za Tanzania. Kwa muda niliokaa nayo nimeridhika kwamba ni moja ya kazi nzuri kabisa zilizotoka mwaka huo. Nimeridhika vilevile kwamba wengi wanaoniomba ushauri hawapaswi kuinunua ikiwa katika hali hiyo. Kauli hizo mbili hazigongani, na safu ya leo ni ya kueleza sababu.

Tuanze na hadithi. Ni mwaka 841 katika dunia ya kubuni. Mfalme Harol amefariki, na taji limekwenda kwa mwanawe Magnus, kijana mwenye kiburi. Wakati huohuo tauni ambayo haikuonekana kwa miaka elfu moja imerudi, na kila inachokigusa kinaharibika. Kanisa linampa jukumu Madrigal Seline, mwanamke asiyejua huruma, aende kuikomesha katika kisiwa cha Isola Sacra, naye anaiona kazi hiyo kuwa nafasi ya kujipambanua mbele ya mungu wake. Kisiwani kwenyewe kuna waasi walioshika silaha, na wananchi wa kawaida wamebanwa katikati. Wewe mchezaji ni Cerim, mmoja wa wapiganaji watakatifu waliojaliwa nguvu za ajabu na kula kiapo cha kuiangamiza tauni kwa gharama yoyote.

Huu ndio mkondo unaoitwa fantasia ya giza. Mashabiki wa katuni za Japani wanaujua kupitia Berserk, kazi ya Kentaro Miura iliyoanza mwaka 1989. Wachezaji wameujua zaidi kupitia Dark Souls ya mwaka 2011 na Elden Ring ya mwaka 2022, zote za kampuni ya FromSoftware. Katika mkondo huu mchawi mbaya wa kushindwa mwishoni hatoshi kumaliza hadithi. Ugonjwa, imani na madaraka vimefungamana kiasi kwamba anayekuja kuponya anaweza kuwa wa kuogopwa kuliko maradhi. Gemu nyingi huishia kuweka mafuvu na ukungu, zikadhani zimemaliza kazi. Hii inanivutia kwa sababu giza lake lina chanzo. Unawasikia watu wa Sacrament, mji mkuu wa kisiwa, wakizungumza, na unatambua kwamba wanaiogopa tauni na wanawaogopa pia waliotumwa kuja kuwaokoa.

Unaingia kisiwani kwa balaa. Meli yako inavamiwa na kuzama, na unazinduka ufukweni huna kitu. Eneo hili la kwanza linaitwa The Shallows, na ningependa tukae hapo kidogo, maana ndipo tabia ya gemu nzima inapojionyesha. Kuna mbao zilizoletwa na maji, miamba iliyolowa, kaa wanaotembea mchangani, na njia zinazopanda na kushuka. Kamera inatazama kutoka juu kwa mshazari, kama ilivyokuwa katika Diablo ya miaka ya 1990, kwa hiyo unadhani unaona kila kitu. Baada ya muda unagundua kwamba nyuma ya mwamba kuna kijia, juu ya ukuta kuna ubao wa kurukia, na chini ya daraja kuna kisanduku ambacho umekipita mara kadhaa. Maeneo haya hayakutupwa na kompyuta kwa kubahatisha. Mtu ameketi akaamua jiwe hili likae hapa na ngazi ile iangukie pale, ili njia ndefu uliyoipita kwa jasho igeuke kuwa njia ya mkato utakaporudi.

Mapigano nayo yanamshangaza aliyezoea Diablo. Huwezi kubonyeza kitufe mfululizo ukatarajia maadui wapukutike. Kila pigo linakula pumzi, na pumzi ikiisha unabaki umesimama kifua wazi. Upanga mkubwa wa mikono miwili unachukua muda kuinuka na muda zaidi kushuka, na ukishauinua huwezi kughairi. Uzito wa mavazi ndio unaoamua kama utabiringika kwa wepesi au utajivuta. Ukipangua pigo la adui kwa wakati wake hasa, anayumba, na hapo ndipo unapata upenyo wa kumwadhibu. Ukichelewa kidogo tu, unalo. Mchezaji anafundishwa kumtazama adui bega, hatua na silaha aliyoshika, badala ya kutazama namba zinazoruka juu ya kichwa chake.

Kuna jambo dogo ambalo naliona kubwa: namna ya kupata nafuu. Katika gemu nyingi za aina hii una chupa ya dawa inayojijaza yenyewe kila unapopumzika. Hapa unapona kwa kula, na chakula ni lazima ukipike. Unaokota uyoga na mimea, unavua samaki, unawaua wale kaa wa ufukweni, kisha unasogea penye moto na kuandaa supu ya uyoga au mlo mwingine uliokwisha kujua namna ya kuupika. Matokeo yake ni kwamba unaiangalia ardhi kwa jicho la mtu mwenye njaa. Kichaka ni chakula. Kijito ni akiba ya kesho. Kabla ya kuingia penye hatari unahesabu milo iliyobaki, na ikiwa michache unarudi nyuma kutafuta. Uamuzi huo mmoja wa kiufundi umeyafanya mandhari kuwa mahali pa kuishi, na yangeweza kabisa kubaki picha nzuri za kupita tu.

Mtihani wa kwanza mzito uko Mariner's Keep, ngome ya kando ya bahari, ambako bosi wa kwanza, Warrick the Torn, anakusubiri. Atakuua. Atamuua karibu kila anayekutana naye kwa mara ya kwanza, na unarudishwa kwenye kituo ulichopitia, kinachoitwa Cerim Whisper. Ukishamtoa, njia ya kwenda Sacrament inafunguka, na gemu inabadilika sura. Mji umechakaa. Kuna Fillmore, mhunzi wa kutengeneza silaha, na kuna wafanyabiashara wengine, lakini maduka yao ni duni na sehemu nyingi za mji zimebomoka. Mbao, mawe na madini unayokusanya huko porini ndiyo yanayoujenga upya, hatua kwa hatua. Kwa hiyo kukata mti kuna maana, kwa sababu kesho utaiona kazi yako mtaani. Na maeneo uliyokwisha kuyapita hayakai vilevile: hadithi ikisogea, unarudi na kukuta maadui wengine wameshika mahali ulipodhani umepasafisha.

Kwa macho, gemu hii haina mwenzake wa karibu. Waliocheza Ori and the Blind Forest ya mwaka 2015 na Ori and the Will of the Wisps ya mwaka 2020 watautambua mkono huohuo, maana ni kampuni ileile yenye makao yake Vienna, Austria. Kule walichora msitu wenye nuru. Huku wamechora kisiwa chenye mvua, kutu na damu, lakini rangi bado zimepakwa kwa upendo uleule. Sura na viungo vya watu vimetiwa chumvi kwa makusudi, havikulazimishwa kufanana na picha ya kamera. Mwanga wa jioni ukiingia kwenye uchochoro wa Sacrament unaona ukuta, vumbi na nguo za watu vikibadilika kwa pamoja. Wengi wanaotengeneza gemu za giza wanasahau kwamba giza linahitaji mwanga ili lionekane.

Sasa upande wa pili. Wiki ya kwanza malalamiko yalimiminika kutoka pande zote za dunia. Gemu ilikuwa nzito kupita kiasi, ikisuasua hata kwenye kompyuta za watu wenye vifaa vya bei mbaya, na tathmini za wanunuzi kwenye Steam zikashuka hadi daraja la mchanganyiko. Wengine walilalamikia silaha na mavazi kuchakaa haraka na kugharimu kuyakarabati, wengine nafasi finyu ya kubebea mizigo, wengine pumzi kuisha mapema. Moon Studios hawakukaa kimya. Ndani ya siku chache walitoa marekebisho: kasi ya kuchakaa ikapunguzwa, gharama za ukarabati zikashushwa, na kazi ya kuipunguzia kompyuta mzigo ikaendelea. Hilo ni la kupongezwa. Lakini kwa mtu aliyelipa siku ya kwanza, malalamiko yalikuwa ya haki, na kutaja kwamba gemu haijaisha si jibu la kutosha kwa kila kasoro.

Mpwa wangu, anayesoma chuo na ambaye senti zake anazitafuta kwa kuchapa kazi za watu, aliniuliza swali ambalo naamini wengi mnalo: "Shangazi, hivi mtu analipiaje kitu ambacho mwenyewe anasema hakijaisha?"

Nilimjibu kwa kumkumbusha mitaa yetu. Hapa kwetu si ajabu mtu kuhamia kwenye nyumba isiyokwisha. Vyumba viwili vimeezekwa, milango ina vitasa, choo kinafanya kazi, sebule bado ni matofali matupu. Mwenye familia anahamia kwa amani kwa sababu panapolalika panalalika kweli, na anajua kipi bado. Ila hakuna mwenye akili atakayehamia kwenye pagale lisilo hata na paa kwa sababu tu ameonyeshwa ramani nzuri. Gemu inayouzwa kabla ya wakati nayo ipimwe hivyo. Tuulize: hicho kidogo kilichokabidhiwa leo, kinakalika?

Historia ya karibu inatupa mifano ya kutosha. Steam ilianzisha rasmi utaratibu wa kuuza gemu ambazo hazijakamilika Machi 2013, ingawa Minecraft ilikuwa imekwisha kuuzwa kwa namna hiyo kwa njia yake yenyewe kabla ya kutangazwa kukamilika Novemba 2011. Larian Studios ya Ubelgiji iliitoa Baldur's Gate 3 Oktoba 2020 ikiwa na sura ya kwanza pekee. Sura hiyo ilikuwa na mwanzo wake, maamuzi yake na watu wake. Wachezaji walilipa, wakatoa maoni, wakasubiri karibu miaka mitatu, na toleo kamili lililotoka Agosti 3, 2023 likaishia kutwaa tuzo ya gemu bora ya mwaka katika The Game Awards. Mwaka huohuo, mambo yalikwenda kinyume kabisa kwa The Day Before. Iliwahi kuwa miongoni mwa gemu zinazosubiriwa na watu wengi zaidi kwenye Steam kwa nguvu ya video zake za matangazo. Ilitoka Desemba 7, 2023, wanunuzi wakakuta kitu tofauti na walichoonyeshwa, na siku nne baadaye kampuni ya Fntastic iliyoitengeneza ikatangaza kufunga milango. Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza.

Wapo wanaosema dawa ni kukataa kabisa kununua gemu isiyokamilika. Ningekubaliana nao kama neno "imekamilika" lingekuwa dhamana. Si dhamana. Cyberpunk 2077 iliuzwa Desemba 10, 2020 kama bidhaa iliyokamilika, na wiki moja baadaye Sony ikaiondoa kwenye duka la PlayStation kwa hali yake mbaya. Ilirudishwa Juni 2021. Anayeniambia mapema kwamba kazi yake bado, akanieleza kinachokosekana, ananiheshimu kuliko anayefunga kasha na kunyamaza.

Kwa kipimo hicho, No Rest for the Wicked imesimama wapi? Mimi naangalia mpangilio wa kazi. Mtengenezaji mwenye muda na fedha za kuhesabu analazimika kuchagua nini kitangulie, na uchaguzi wake unatufunulia anachokithamini. Moon Studios walianza kukamilisha uzito wa upanga, njia za ufukweni, moto wa kupikia, mwanga wa mjini na sauti za watu wake. Waliacha kwa baadaye kucheza pamoja hadi watu wanne, maeneo mapya ya kisiwa na hitimisho la hadithi. Huo ndio mpangilio sahihi. Eneo jipya linaweza kuongezwa mwakani, hata mwaka unaofuata. Lakini gemu ambayo upanga wake hauna uzito hairekebishiki kwa kuongezewa visiwa kumi, na wanaofuatilia fani hii wanajua ni ngapi zilizokuja na ramani kubwa kama nchi huku hakuna la kufanya ndani yake.

Kosa lao, kwa maoni yangu, ni kuuweka ufundi wa ndani nyuma ya sanaa. Uzuri ambao mashine za watu haziwezi kuubeba ni uzuri wa wachache. Gemu ya kupangua mapigo inategemea kila nukta ya sekunde. Picha ikisita wakati adui anashusha shoka, mchezaji anaadhibiwa kwa kosa lisilo lake. Katika gemu ya kupanda mboga hilo lingevumilika. Katika hii linagusa moyo wa kazi yenyewe. Kwa hiyo nawaomba watengenezaji waiweke kasi mbele ya kila ahadi nyingine, mbele hata ya kucheza pamoja.

Kuna tahadhari nyingine, nayo inamhusu mchapishaji. Mwaka 2024 gemu hii ilisimamiwa sokoni na Private Division, wakati huo tawi la kampuni kubwa ya Marekani ya Take-Two. Tawi hilohilo liliuza Kerbal Space Program 2 Februari 2023 ikiwa haijakamilika. Zaidi ya mwaka ulipita, na ahadi zake kubwa, yaani makoloni, safari za kwenda nyota nyingine na kucheza pamoja, zilikuwa bado hazijafika. Sisemi kwamba yatajirudia. Moon Studios ni watu wengine, na wana rekodi ya gemu mbili zilizomalizwa vizuri. Nasema tu kwamba hatima ya kazi isiyokamilika haiko mikononi mwa mafundi peke yao. Iko pia mikononi mwa wanaolipa mishahara, na hao wanaweza kubadili mawazo. Steam wenyewe wanawaonya wanunuzi kwamba baadhi ya timu hushindwa kumaliza walichoanza.

Hapa kwetu suala hili lina uzito wake wa pekee. Steam haituuzii kwa shilingi. Unalipa dola ileile anayolipa mtu wa New York, mara nyingi kwa kadi ya mtandaoni iliyounganishwa na pesa za simu, na juu yake unaweka bando la kupakua. Masasisho yakitoka mfululizo, kama inavyotokea kwa gemu yoyote ambayo bado iko jikoni, bando linaendelea kuliwa. Kwa hiyo gharama halisi haiishii kwenye Sh100,000 ya siku ya kwanza. Mtu anayecheza Vienna anaweza kuitazama gemu isiyokamilika kama jaribio. Kijana wa Mbagala au wa Likoni anaitoa pesa hiyo mahali ilipokuwa na kazi nyingine.

Ndiyo maana ushauri wangu unagawanyika. Kama una kompyuta yenye kadi ya grafiki ya nguvu, unapenda mapigano ya kufikiri, na huumii kusubiri mwendelezo wa hadithi kwa muda ambao haujatajwa, nunua. Utapata kitu cha thamani leo hii. Tumia vizuri sheria ya Steam ya kurudishiwa fedha: ombi liwe ndani ya siku 14 tangu ununue, na uwe umecheza chini ya saa mbili. Saa mbili zinatosha kujua kama mashine yako inaimudu. Ufukwe wa mwanzo peke yake utakupa jibu. Kama kompyuta yako ni ya kazi za ofisi au za chuo, au kama fedha hiyo ni ya kudunduliza, subiri. Hutapitwa na kitu. Gemu itakuwa nyepesi zaidi na kubwa zaidi, na huenda ukaikuta kwenye punguzo. Na kama kinachokuvutia hasa ni kucheza na marafiki, usinunue kwa ahadi, subiri hadi uone wenzako wanaingia mchezoni kwa macho yako.

Kuna jingine la kujiandaa nalo kwa yeyote anayeingia mapema: uwezekano wa kuanza upya. Waliocheza Baldur's Gate 3 katika kipindi chake cha awali hawakuweza kuhamisha maendeleo yao kwenda toleo kamili. Wengi hawakujutia, kwa kuwa walichokifanya mwanzoni kilikuwa kimewalipa tayari kwa furaha yake. Huo ndio moyo wa kuingia nao Isola Sacra.

Nimeulizwa kama haya ni maoni ya mwisho. Ni maoni ya mwanzo, kwa gemu iliyo mwanzoni, na itakapotangazwa kukamilika nitaipima upya kwa kila kilichoahidiwa bila kusamehe. Msimamo wangu kuhusu biashara hii ya kuuza kabla ya kumaliza, hata hivyo, hautabadilika: mlipe fundi kwa kazi aliyokwisha kuifanya, na ahadi zake umlipe siku atakapozileta. Kwa kazi ambayo Moon Studios wamekwisha kuifanya, malipo wanayastahili.